Mstari wa Litapunga

Épiphanie aliishi Shanwe, mjini Mpanda, na mume wake Callixte na binti yao mdogo Joséline. Callixte alikuwa fundi cherehani. Kila asubuhi aliitoa cherehani yake barazani na kuanza kazi kabla jua halijawa kali. Épiphanie alimnywesha mtoto uji, akafagia uwanja, kisha akaenda ofisini kwa miguu.

Alikuwa karani katika mradi wa kupambana na mbung'o. Mbung'o ni nzi wakubwa wanaouma mchana. Baadhi yao hubeba ugonjwa wa malale. Mradi ulikuwa umetundika mitego michache ya kuhesabia nzi kando ya mito ya Litapunga, Inyonga na Kibaoni. Kila wiki wahesabu waliifungua mitego na kutuma idadi ofisini. Épiphanie aliingiza namba hizo kwenye kompyuta, na kompyuta ikachora mistari. Nzi wakiongezeka, mstari unapanda. Nzi wakipungua, mstari unashuka.

Ilikuwa mwaka 1998, mwisho wa kiangazi. Mstari wa Litapunga ulikuwa unapanda.

Jambo hilo lilimnyima Épiphanie raha, maana Litapunga ndiko kwao. Mama yake, Lidia, alilima huko. Mdogo wake wa kiume, Pacifique, alikuwa huko pia, na mke wake. Wote walichota maji kwenye mto ule ule wenye mitego.

Siku moja mchana, lori la mahindi lilisimama barabarani karibu na nyumba. Mama Lidia alishuka kwanza. Halafu watu wawili walimsaidia Pacifique kushuka. Alikuwa kijana mwenye nguvu, wa kubeba gunia peke yake. Sasa alishindwa kunyanyua miguu.

"Ameanza lini, mama?" Épiphanie aliuliza.

"Homa inakuja na kuondoka. Kichwa kinamgonga. Tulimpa dawa ya malaria, haikusaidia. Na sasa analala mchana, mwanangu. Unamwita, anakuangalia tu."

Walimpeleka hospitali palepale. Mganga alimtoa damu na kuipima kwa darubini. Alipotoka maabara, uso wake haukuwa na tabasamu.

"Ni malale," alisema. "Mmewahi kidogo. Tutampima na maji ya uti wa mgongo, tujue kama ugonjwa umefika kichwani. Ataanza sindano leo."

Mama Lidia alikaa chini kwenye sakafu. "Ule mto umejaa nzi," alisema taratibu. "Mke wake anakwenda pale kila siku. Watoto wa jirani wanaoga pale. Nyie wa mradi mnahesabu, mnahesabu. Mnangoja nini?"

Mradi ulikuwa na mitego mingine, yenye dawa ya kuua nzi. Lakini ilitosha mto mmoja tu kwa mwaka ule. Mto upi upewe, ingeamuliwa kwenye kikao cha mkoa huko Sumbawanga. Bosi wake, bwana Silvester, alikuwa anaondoka kwenda huko kesho yake.

Jioni ile bwana Silvester alimwambia, "Dada, niwekee ule mchoro kwenye disketi. Nitauchapisha kule kwa ukubwa, kila mtu auone."

Épiphanie alihifadhi mchoro kama picha ya aina ya BMP. Kompyuta ikakataa kuiweka. Faili lilikuwa kubwa kuliko disketi. Alijaribu disketi nyingine. Ikakataa vilevile. Mawazo yake yalikuwa hospitali, na bwana Silvester alikuwa mlangoni akiangalia saa.

Akakumbuka kwamba kuna aina inayoitwa JPEG, na kwamba picha za JPEG huwa ndogo. Akaichagua. Kompyuta ikamuuliza anataka ubora gani. Akachagua wa chini kabisa, faili liwe dogo zaidi. Likaingia. Alishusha pumzi, akamkabidhi bwana Silvester disketi. Hakuifungua ile picha kuiangalia.

Keshokutwa yake asubuhi, radio koli ya ofisi ilikoroma. Ilikuwa sauti ya bwana Silvester kutoka Sumbawanga.

"Épiphanie, unanisikia? Ile picha imeharibika! Mistari ina ukungu. Maandishi hayasomeki. Mstari unaopanda hawajui ni wa mto gani. Ova."

"Ni wa Litapunga, mzee! Ova."

"Mimi najua. Nimewasomea namba. Lakini mwenyekiti ameishika karatasi, anasema yeye anaona Kibaoni. Wanadhani mimi ndiye ninayekosea. Kesho jioni wanaamua. Dereva Enoka anakuja huku na Landrova kesho alfajiri. Mpe picha nyingine. Iwe safi, dada. Wakishaamua, hawarudi nyuma. Ova."

Radio ikanyamaza. Akilini Épiphanie alimwona mke wa Pacifique akiinama mtoni na ndoo. Kwa kosa lake yeye, mitego ingepakiwa na kupelekwa Kibaoni, upande wa pili wa mbuga, na Litapunga ingebaki hivyo hivyo mpaka mwaka mwingine.

Alifungua ile JPEG kwenye kompyuta. Kweli, kila mstari ulizungukwa na madoa ya kijivu, kama maji machafu. Kijani cha Litapunga na buluu ya Kibaoni vilikuwa vimefifia, vikafanana. Majina ya mito yalikuwa vijidudu vyeusi.

Akaihifadhi upya kama BMP, akidhani itatakata. Haikutakata. Akaihifadhi tena kama JPEG yenye ubora wa juu. Ukungu ulikuwa palepale. Akafunga ofisi, akakimbia kwenda kwa Recho.

Recho alikuwa jirani yao Shanwe. Alichora ramani katika ofisi ya ardhi, na alikuwa amesomea uchoraji wa kompyuta Dar es Salaam. Siku ile alikuwa nyumbani, anachambua mchele.

"Dada Recho, nimeharibu," Épiphanie alisema, na machozi yakamtoka kabla hajamaliza. Alimweleza yote, huku akipumua kwa shida.

Recho aliuweka ungo chini. "Zile namba zenyewe bado unazo?"

"Ninazo. Ziko kwenye programu ya hesabu."

"Na mchoro wa kwanza, uliochorwa na hiyo programu?"

"Nao upo."

"Basi hujaharibu. Umeharibu nakala tu. Twende."

"Jenereta ya ofisi inazimwa saa kumi na mbili, dada. Dizeli ni kidogo."

"Ndiyo maana nasema twende."

Ofisini Recho aliiangalia ile picha yenye ukungu, akatikisa kichwa.

"Nani alikwambia utumie JPEG?"

"Nilisikia kwamba inapunguza faili."

"Inapunguza kweli. Lakini inapunguza kwa kutupa vitu. JPEG ni ya picha za kamera: uso wa mtu, mawingu, majani. Inalainisha rangi na kutupa vitu vidogo ambavyo jicho halivioni. Ukilainisha shavu la mtu, nani atajua? Lakini mchoro wako una mistari myembamba na herufi ndogo. Ukizilainisha hizo, umezifuta."

"Nimejaribu kuirudisha kwenye BMP. Haikusaidia."

"Haiwezi kusaidia. Kilichotupwa kimetupwa. Ukiihifadhi upya kwa aina nyingine, unahifadhi ukungu ule ule. Tena kila ukiihifadhi kwa JPEG, inatupa na vingine. Siku zote rudi kwenye mchoro wa mwanzo."

Épiphanie alifungua mchoro wa mwanzo. Mistari ilikuwa safi kabisa.

"Lakini huu hautaingia kwenye disketi, dada. BMP ilikataa."

"BMP inaandika kila kitone cha picha peke yake. Mchoro wako sehemu kubwa ni karatasi nyeupe tupu. BMP inaandika nyeupe, nyeupe, nyeupe, mpaka inajaza disketi. Iko aina nyingine, PNG. Yenyewe inaandika kwa kifupi: hapa nyeupe mara mia. Haitupi kitu. Ukiifungua, unapata kila kitone kama kilivyokuwa."

Walinakili mchoro, wakaubandika kwenye programu ya picha, wakauhifadhi kama PNG. Épiphanie aliangalia ukubwa wa faili. Aliangalia mara ya pili, maana hakuamini. Lilikuwa dogo hata kuliko ile JPEG mbovu.

"Tayari?" aliuliza, akiangalia dirishani. Jua lilikuwa linashuka.

"Bado. Kompyuta ya Sumbawanga ni mpya au ya zamani?"

"Sijui."

"PNG ni aina mpya. Kompyuta ya zamani inaweza isiijue. Weka na GIF. Hiyo ni ya siku nyingi, na nayo hailainishi mistari. Ina rangi chache, lakini mchoro wako una rangi nne tu."

Wakahifadhi na GIF.

"Na bosi wako anataka kuuchapisha kwa ukubwa gani?"

"Wa ukutani."

"Basi kuna moja zaidi. PNG na GIF zote ni vitone. Ukizikuza sana, vitone vinaonekana kama ngazi. Programu yako inaweza kutoa mchoro wa aina ya WMF. Hiyo haihifadhi vitone. Inahifadhi maagizo: anzia hapa, piga mstari mpaka pale, andika jina hili. Ukiukuza mpaka ukutani, kompyuta inauchora upya, na mstari unabaki mkali. Ramani zetu tunazihifadhi namna hiyo."

Wakaongeza WMF. Jenereta ilikohoa. Taa ikafifia, ikarudi.

"Dada Recho, tuondoke."

"Ngoja. Kule watatoa nakala za fotokopi?"

Épiphanie alisimama. Hakuwa amefikiri hilo. Fotokopi haina rangi. Kijani na buluu vyote vingekuwa vyeusi, na mwenyekiti angesema tena anaona Kibaoni.

"Badilisha mistari yenyewe," Recho alisema. "Litapunga mpe mstari mzima wenye viduara. Kibaoni mpe wa kukatikakatika. Inyonga mpe vinukta. Na jina liandike mwishoni mwa mstari wake."

Ilibidi waanze upya. Vidole vya Épiphanie viligonga vitufe visivyo vyenyewe, akafuta, akaandika tena. Walihifadhi PNG, GIF na WMF kwa mara ya pili. Kisha Recho alimwambia aiweke disketi kwenye kompyuta ya chumba cha pili.

"Mara ya kwanza hukuifungua picha kabla ya kuituma, si ndiyo?"

"Sikuifungua."

"Ifungue sasa. Ikuze. Soma herufi ndogo kuliko zote."

Épiphanie aliikuza. "Litapunga," alisoma. "Kibaoni. Inyonga. Idadi ya nzi kwa mtego." Kila herufi ilikuwa kali. Waliweka mafaili yale yale kwenye disketi ya pili, kama ya kwanza itagoma njiani. Hawakuwa wamefika mlangoni jenereta ilipozimika.

Alfajiri Épiphanie alikuwa amesimama karibu na Landrova. Alizifunga disketi kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya vumbi.

"Enoka, kaka yangu, usiziweke juani. Usiziweke karibu na spika ya redio."

"Nitazivaa kifuani," dereva Enoka alisema, na kweli akazitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Siku ile haikuisha. Épiphanie alikaa hospitali na mama yake. Pacifique alikuwa amechomwa sindano, amelala. Hawakujua kama usingizi ule ni wa dawa au wa ugonjwa. Mama Lidia alimpangusa jasho. Majibu ya maji ya mgongo yalikuwa hayajatoka. Kila gari lililopita, Épiphanie aliinua kichwa. Aliifikiria barabara ya mbugani, madaraja yake mabovu, na mifuko ya mashati inayotoboka.

Kesho yake alifika ofisini kabla ya wote, akakaa mbele ya radio koli. Ilikoroma jua likiwa limeshapanda.

"Épiphanie? Ova."

"Nakusikia, mzee. Ova."

"Kompyuta ya huku ni mzee kama mimi. Ile PNG imeikataa. GIF imefunguka. Na ule wa WMF tumeuchapisha mkubwa, tumeubandika ukutani. Mwenyekiti amesimama mbele yake, amefuata mstari kwa kidole mpaka kwenye jina. Mitego inakwenda Litapunga. Ova."

Épiphanie alitoka mbio bila kukumbuka kujibu. Bwana Silvester aliita mara tatu.

Épiphanie hakusimama mpaka hospitali. Mganga alikuwa kando ya kitanda cha Pacifique. Ugonjwa haukuwa umefika kichwani. Sindano zingeendelea, lakini Pacifique alikuwa amekaa, na alikuwa akimlalamikia mama yake kwamba uji hauna sukari.

Mitego ya buluu na nyeusi ilitundikwa kando ya mto wa Litapunga kabla ya mvua kubwa. Pacifique alirudi nyumbani, na baada ya muda akashika jembe tena. Ofisini Épiphanie alibandika karatasi ukutani: picha za kamera ni JPEG; michoro ni PNG au GIF; ya kukuzwa ni WMF; mchoro wa mwanzo usifutwe kamwe. Na hakutuma tena picha bila kuifungua kwanza.

Masika yalipoisha alikwenda kwao na mchoro mpya. Mama Lidia alikuwa ameanza darasa la watu wazima kanisani. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu. Kidole chake kilifuata mstari unaoshuka, kikasimama kwenye jina.

"Li-ta-pu-nga," alisoma. Kisha akakunja uso. "Mbona haujafika chini kabisa?"

"Bado wamebaki wachache, mama."

"Basi msiache kuhesabu," mama Lidia alisema, akachukua ndoo yake.