Kwa Nini Simsima Alitapika

Kila siku saa kumi alasiri Rawya alishuka ngazi ishirini na mbili, kutoka ghorofa ya tatu hadi ya pili, akiwa na glasi yake ya chai mkononi. Hakupiga hodi. Katika nyumba ile ya familia, pale Aleksandria, hakuna aliyempigia mwenzake hodi. Rawya alikuwa mke wa Ezzat, kaka mkubwa. Ibtihal alikuwa mke wa Wagdi, mdogo wake Ezzat. Wanawake hao wawili waliolewa mwaka mmoja. Tangu hapo watu waliwapima pamoja, kama matikiti mawili kwenye mizani moja.

Sebuleni kwa Ibtihal kulikuwa na sanduku la kioo. Ndani yake aliishi Simsima, chatu wa aina ndogo, mwenye madoa ya kahawia. Urefu wake haukuzidi mita moja na nusu. Hakuwa na sumu. Wagdi, ambaye ni fundi wa lifti, alimnunua katika soko la Ijumaa. Mwanzoni Ibtihal alimwambia mumewe achague: nyoka au mke. Baada ya miezi miwili, Ibtihal ndiye aliyembadilishia Simsima maji. Ndiye aliyehifadhi panya wa chakula kwenye friza, chini ya mifuko ya mboga ya molokhia. Mtu akimcheka, alijibu kwamba nyoka huyu hana kelele, na hilo haliwezi kusemwa juu ya jamaa wote wa nyumba ile.

Ila jambo moja lilimkera. Simsima hakutulia mikononi mwake. Alitambaa begani, akateremka mgongoni, akatafuta mahali pa kujificha. Rawya alipokuja mambo yalikuwa tofauti. Aliketi kwenye kochi, akaomba apewe nyoka. Simsima alipanda mapajani mwake, akaingia chini ya shali aliyojifunga kiunoni, akajikunja, akatulia kama mtoto aliyenyonya akashiba.

"Mwone," Rawya alisema. "Huyu ananijua, kipenzi."

Mama mkwe aliyaona hayo siku moja akasema kwamba mnyama huujua moyo wa mtu. Jioni hiyo Ibtihal aliunguza vitunguu vya koshari, ule wali wa dengu, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Ilikuwa Januari. Dhoruba ilipiga madirisha na vigae vya sakafu vilikuwa baridi kama barafu. Wagdi alikuwa safarini katika mji wa Matruh, akifunga lifti katika jengo jipya. Jumamosi ilikuwa siku ya kumlisha Simsima, na Ibtihal aliamua kuitumia. Alichagua panya mkubwa kuliko wa kawaida. Simsima alimmeza kwa shida. Kisha Ibtihal alimtoa, akamweka mapajani kwa saa mbili nzima. Alitaka shibe ya nyoka imkute kwake, si kwa Rawya. Saa kumi Rawya alipofika, naye akamchukua.

Jumapili asubuhi sebule ilinuka. Katika kona ya sanduku kulikuwa na panya yuleyule, mzima, ameloa, amelainika. Simsima alikuwa amemtapika.

Ibtihal alisafisha, akafikiri. Hakuwaza juu ya ukubwa wa panya. Aliwaza juu ya macho ya Rawya, jinsi yalivyomtazama nyoka alipokuwa akimeza. Kijicho, alijiambia. Rawya hana nyoka wake, basi ananipigia wangu jicho.

Akafanya kama mama yake alivyokuwa akifanya ili kuondoa kijicho. Alikata mwanasesere wa karatasi. Akamtoboa kwa sindano, akitaja jina la mwenye kijicho kwa kila tundu. Akamchoma pamoja na shabu na ubani, akauzungusha moshi juu ya sanduku mara saba. Kisha akalisukuma sanduku hadi chumba cha nyuma, ambako Rawya hakuwa na sababu ya kuingia. Chumba kile hakikuwa na soketi. Mkeka wa umeme uliopasha joto upande mmoja wa sanduku ukabaki bila moto. Ibtihal aliona hilo si tatizo. Alilifunika sanduku kwa blanketi zito la sufu. Kwenye bakuli la maji akaweka maji ya anisi, kama wanavyopewa watoto wenye msokoto wa tumbo. Jumanne akampa Simsima panya mwingine, kufidia yule aliyepotea.

Rawya aliposhuka aliambiwa kwamba nyoka amelala. Alikunywa chai yake, akapanda mapema.

Alhamisi Simsima alitapika tena. Mara hii alilala amejinyoosha, na Ibtihal alipomshika hakujikunja. Wagdi alisema kwa simu, bila kupandisha sauti, kwamba akitapika mara ya tatu huenda wasiwe na nyoka. Ampeleke kwa Dokta Inas, daktari wa wanyama, Jumamosi asubuhi.

Teksi mbili zilikataa kumbeba. Dereva wa pili hata hakumaliza kusikiliza. Kulibaki gari moja tu, la Ezzat, na aliyekuwapo nyumbani wa kuliendesha ni Rawya peke yake. Ibtihal alipanda ngazi ishirini na mbili. Alisimama mlangoni kwa Rawya, akapiga hodi.

Ibtihal alimpakata Simsima ndani ya boksi la kadibodi. Rawya aliendesha ameuma meno, na kila gari liliporuka shimo alishika kiuno.

Dokta Inas alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani. Alivaa glavu, akamshika Simsima kwa mikono miwili. Alitazama ndani ya kinywa. Alimpapasa polepole kuanzia shingoni hadi mkiani, akampima uzito. Halafu akachukua kalamu na kuuliza tarehe. Amekula lini? Panya wa ukubwa gani? Alitapika baada ya saa ngapi? Nani alimshika kati ya kula na kutapika?

Ibtihal alijibu maswali matatu. La nne likamchelewesha.

"Mimi," alisema mwishowe. "Na huyu." Alimwonyesha Rawya kwa kidevu.

"Choo chake cha mwisho kilikuwaje?"

"Kigumu kiasi. Cha kahawia, na kipande cheupe."

"Hicho ni choo kizuri. Hicho cheupe ni mkojo wake. Tumbo halijavimba, kinywa ni safi, hakuna mapovu." Daktari aliandika. "Sasa niambie anakaa kwenye joto kiasi gani."

Ibtihal alisema hawana kipimo cha joto. Wagdi hugusa kioo kwa kiganja. Na sasa nyoka yuko chumba cha nyuma, bila umeme, lakini amefunikwa blanketi zito, amefukiziwa, na anapewa maji ya anisi.

Dokta Inas aliweka kalamu chini. Alieleza kwamba blanketi halitengenezi joto. Humfaa mtu kwa sababu mwili wa mtu una joto lake, na blanketi hulizuia lisitoke. Nyoka hana joto la kuzuia. Hupata joto lake kutoka nje. Upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi thelathini na moja hadi thelathini na tatu, upande wa pili uwe kama ishirini na sita, ili achague mwenyewe. Akipoa, tumbo lake husimama. Chakula huoza ndani badala ya kusagika. Hapo mwili una njia moja tu ya kujiokoa, nayo ni kukitoa.

"Lakini mara ya kwanza alitapika akiwa bado sebuleni," alisema Ibtihal. "Mkeka ulikuwa unawaka."

"Ulimpa panya mnene kuliko mwili wake. Kisha mkamshikashika wawili siku ileile. Nyoka aliyekula haguswi kwa siku mbili kamili. Na ukampa mwingine baada ya siku mbili, wakati koo na tumbo bado vina vidonda vya asidi." Alitulia. "Tena nadhani hata sebuleni palikuwa baridi. Hakuwahi kukuonyesha? Hakukimbilia mahali penye joto?"

Ibtihal alicheka kicheko kikavu. "Alimkimbilia huyu. Kila siku. Anajikunja kiunoni kwake na kulala. Kwangu hatulii."

Daktari alimgeukia Rawya. "Una nini hapo kiunoni, bibi?"

Rawya alitazama mlango. Kisha akafungua shali yake, akatoa chupa ya mpira, nyekundu, ya kujazwa maji ya moto, akaiweka mezani. Ilikuwa bado na joto.

"Mgongo," alisema. "Tangu Novemba. Sijamwambia hata Ezzat."

"Umekaa kwangu miezi miwili na kitu hicho?" aliuliza Ibtihal.

"Ningekwambiaje? Wewe unapanda ngazi mbilimbili. Kila mtu anakusifu kwa wepesi wako. Nilipata kitu kimoja tu ambacho wewe huna. Nyoka alinipenda."

"Hakukupenda," alisema Dokta Inas. Aliifunga chupa kwa taulo na kuiegemeza nje ya boksi la Simsima. "Nyoka hachagui moyo wa mtu. Huchagua joto. Alikuwa anawaambia kwamba sanduku lake ni baridi, na nyinyi mlikuwa mnagombea nani anapendwa."

Kisha akaandika maagizo. Simsima asipewe chakula kwa wiki mbili. Awe na maji safi, bila anisi, bila dawa yoyote ya binadamu. Baadaye apewe panya mdogo, nusu ya kawaida, na asizidi unene wa mwili wake. Asifukiziwe moshi, kwa sababu mapafu ya nyoka ni dhaifu. Akitapika tena, matapishi na choo vitiwe kwenye mfuko safi na vipelekwe kwa daktari siku ileile, vikapimwe minyoo na vijidudu. Vilevile aletwe haraka akivimba katikati ya mwili, akiharisha, choo kikiwa na damu, au akikonda. Kukataa kula kwa wiki chache wakati wa baridi si ugonjwa, mradi uzito wake haupungui. Na kila anayemgusa anawe mikono kwa sabuni. Bakuli lake lisioshwe kwenye sinki la jikoni.

Walirudi. Karibu na stesheni Rawya alizungumza, macho yake barabarani.

"Harufu ya shabu ilifika hadi juu. Jina langu lilikuwa la ngapi?"

"La kwanza."

"Na la pili?"

"Hakukuwa na la pili."

Rawya aliendesha hadi taa za barabarani zilizofuata. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na ikamchukua Ibtihal muda kutambua kwamba anacheka.

Siku hiyohiyo sanduku lilirudi sebuleni. Ibtihal alinunua vipimajoto viwili, kimoja kwa kila upande. Upande wa joto ulikuwa nyuzi ishirini na nne tu, hata mkeka ukiwaka. Wagdi aliporudi alikuta waya umelegea, akanyamaza, kwa kuwa yeye ndiye fundi umeme wa nyumba. Aliutengeneza, akaongeza swichi ya kuzuia joto lisipite kiasi. Ibtihal alifungua daftari. Akaandika tarehe ya chakula, tarehe ya choo, uzito, joto la asubuhi na la jioni.

Wiki mbili zilipita. Simsima alimeza panya mdogo. Kwa siku mbili hakuna aliyemgusa, ingawa saa kumi kila alasiri wanawake wawili walikaa mbele ya kioo, wakitazamana kila mmoja ahakikishe mwenzake hanyanyui mkono. Hakutapika. Siku ya nane kulikuwa na choo, cha kahawia, na kipande cheupe. Waliinama juu yake kwa furaha ambayo mama mkwe hakuielewa. Ibtihal alikipeleka kwa Dokta Inas. Majibu yakawa kwamba hakuna minyoo.

Siku iliyofuata Ibtihal alimtoa, akamweka kwenye kochi katikati yao, chupa nyekundu ikionekana wazi mapajani mwa Rawya. Simsima alitoa ulimi. Akapita juu ya goti la Rawya, akapita juu ya goti la Ibtihal, akarudi sandukuni, akaingia chini ya kigae chake cha kujifichia, penye nyuzi thelathini na mbili.

"Amenikimbia," alisema Rawya.

"Hata mimi."

Walikunywa chai. Chupa ilikuwa imeanza kupoa. Ibtihal aliichukua, akachemsha maji jikoni, akaijaza, akamrudishia mwenzake. Alisimama akiitazama pale kiunoni.

"Umeinunua wapi?" aliuliza. "Na mimi naitaka. Lakini iwe kubwa kuliko hii."