Swali la Daktari wa Usingizi

Mama Pacha alikuwa msusi. Kwa miaka mingi alisuka akiwa amesimama, mteja mbele yake, kitana mdomoni. Mwaka huo alianza kusuka akiwa amekaa. Wateja walimtania kwamba uzee umebisha hodi, naye akacheka nao. Hakuwaambia kwamba damu yake ya mwezi haikatiki, wala kwamba akiinuka ghafla huona giza.

Mumewe, fundi viatu, ndiye aliyempeleka hospitali. Waliambiwa ana uvimbe kwenye kizazi, na lazima utolewe. Akalazwa wodini, akaongezwa damu, na upasuaji ukapangwa.

Daktari wa upasuaji hakuwapa shida. Aliwaeleza atakapokata, wakamwelewa. Aliyewatia wasiwasi ni mwanamke wa makamo aliyekuja baada yake, akasema yeye ni daktari wa usingizi. Alikuwa na maswali mengi. Aliuliza kama Mama Pacha ana jino linalolegea. Aliuliza kama anakoroma, na kama anakunywa dawa za miti shamba. Kisha akauliza kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata matatizo alipopewa dawa ya usingizi.

“Hakuna,” alijibu dada mkubwa wa Mama Pacha, kabla swali halijaisha.

Mama Pacha aliangalia shuka lake. Daktari aliwatazama wote wawili, akashukuru, akaondoka.

“Daktari wa kulaza watu?” Fundi alimnong'oneza shemeji yake. “Mbona mimi nalala vizuri tu bila daktari.”

Dada Mkubwa hakucheka. Alikuwa amekuja kumuuguza mdogo wake, na tangu afike hakumwamini mtu. Kila kidonge alikinusa kabla hakijamezwa. Alimwambia Fundi kwamba mdomo huponza kichwa. Watu hawa huuliza mapema ili mambo yakiharibika wapate pa kusingizia.

Fundi aliona shemeji yake ana haki. Jino na kizazi vinahusiana nini? Lakini akauliza kuna nini cha kuficha. Dada Mkubwa alianza kukunja kanga iliyokwisha kukunjwa. Mama Pacha alifumba macho. Ndipo Fundi akaanza kuwashuku wakwe zake pia.

Alasiri daktari alirudi bila kuitwa. Akavuta kiti, akakaa.

“Najua maswali yangu yanaudhi,” alisema. “Niwaeleze kazi yangu kwanza. Halafu mniamini au mnikatae.”

Alisema watu wengi hudhani yeye huchoma sindano, kisha huenda kunywa chai. Sivyo. Mgonjwa akilala, yeye hukaa kichwani pake mpaka aamke. Daktari wa upasuaji huangalia anapokata. Yeye huangalia pumzi, mapigo ya moyo na joto la mwili. Jino lililolegea linaweza kuanguka na kuziba njia ya hewa. Baadhi ya miti shamba huzuia damu kuganda. Hata chakula kina hatari. Mtu akilazwa usingizi ameshiba, chakula kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa asile kabla ya upasuaji, hata kama ndugu wanamhurumia.

“Aliyelala hawezi kusema anaumwa wapi,” alisema. “Kwa hiyo nimejifunza kushuku. Nashuku mashine, naikagua kila asubuhi. Nashuku chupa ya dawa, naisoma kabla ya kujaza sindano. Na leo nashuku jibu lililotangulia swali.”

Dada Mkubwa alikunja mikono kifuani.

“Wahenga walisema mficha uchi hazai,” daktari aliongeza.

“Mimi nimeshazaa, tena pacha,” alisema Mama Pacha.

Fundi alicheka. Mkewe hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa akisali kimoyomoyo, akimwomba Mungu amvushe salama. Sasa aliona haya kumwomba Mungu uzima huku akiuficha ukweli.

“Tulikuwa na mdogo wetu wa mwisho,” alisema. “Alivunjika mkono. Wakamlaza usingizi ili wamuunge. Hakuamka.”

Dada Mkubwa alimwambia anyamaze. Daktari alisogeza kiti karibu.

“Mwili wake ulikuwa wa moto? Taya zilikaza?”

Dada Mkubwa alisimama. “Nani amekuambia?”

“Hakuna aliyeniambia. Ndiyo maana nauliza.”

Dada Mkubwa alikaa taratibu. Yeye alikuwapo siku ile. Alisema mwili wa mdogo wao huyo ulichoma kama pasi, na mdomo haukufunguka. Ukoo ukasema amepewa sumu. Aliyempikia mara ya mwisho alikuwa mkewe. Basi wakamfukuza mjane yule na mtoto mgongoni.

 Daktari akasema hakuwapo, hivyo hawezi kuapa. Lakini kuna watu wa koo chache wanaozaliwa na hitilafu mwilini. Baadhi ya dawa za usingizi huwasha misuli yao kama moto. Hitilafu hiyo hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na mtu anaweza kuishi nayo bila dalili yoyote mpaka siku ya dawa hizo.

“Kwa hiyo na huyu atakufa?” Dada Mkubwa aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

“Nisingejua, kesho ningempa dawa zilezile. Sasa sitampa. Nitamchoma sindano ya ganzi mgongoni. Kuanzia tumboni kwenda chini hatasikia maumivu, na atakuwa macho.”

Fundi alimuuliza kama atakaa naye mpaka mwisho.

“Sitabanduka,” alisema daktari.

Hakubanduka. Mama Pacha alilala nyuma ya pazia la kitambaa, akiongea. Alimwambia daktari kwamba nywele zake chini ya kofia ile lazima zinalia, aje zisukwe. Uvimbe ulitolewa. Alirudishwa wodini macho wazi, akiwaulizia pacha wake. Fundi alimshukuru Mungu kwa sauti, wodi nzima ikaitikia amina.

Siku ya kuruhusiwa, daktari aliwaambia kwamba kila ndugu wa damu aseme habari ile kabla ya upasuaji wowote, hata mdogo.

“Na mtoto wa marehemu?” Dada Mkubwa aliuliza.

“Hasa yeye.”

Dada Mkubwa hakwenda nyumbani kwanza. Aliulizia njia mpaka akafika kwa mjane. Mlango ulifunguliwa nusu.

“Umekuja kunitukana tena, wifi?”

“Nimekuja kumlinda mtoto wako,” alisema Dada Mkubwa. “Na nimekuja kusema hukumuua mume wako. Sisi ndio tuliokukosea.”

Mjane alimtazama, mkono ungali kwenye komeo. Akasema kwamba hilo la pili alikuwa akilijua siku zote. Lakini la mtoto alitaka kulisikia. Akafungua mlango wote.