Kigutu Ndani ya Beseni

Kila Jumamosi asubuhi, maji yakishakupwa, Shangazi huvaa viatu vyake vya mpira akaenda kuhesabu viti vya pweza, wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota. Ndiyo kazi yake, kuulinda ufuo ambao wageni huujia kwa ajili ya viumbe hao wenye mikono mitano. Mimi humfuata na daftari. Maji huwa vuguvugu na kimya, hata ukiinama humo unasahau kama umeamka au bado unaota. Mdogo wangu huuliza pweza mwenyewe amekwenda wapi akaacha viti vyote hivi.

"Tazama tu, usimtoe majini," Shangazi huwaambia wageni mpaka koo linamkauka.

Tuliyempenda zaidi ni Kigutu. Mkono wake mmoja ulikatika, na mwaka mzima tulikuwa tukiutazama ukichipua. Lakini mdogo wangu alivunjika mguu, na kwa wiki tatu alilala na plasta.

"Dada, mkono wa Kigutu umefika wapi?" aliniuliza kila jioni. Nilimwonea huruma mno.

Basi Jumamosi moja, Shangazi akiwa na wageni, nilimtia Kigutu ndooni, nikamfunika kwa daftari, nikatimua mbio. Nyumba yetu iko hatua chache tu kutoka ufuoni. Nilichukua beseni safi kuliko yote, nikalijaza maji ya bomba, nikamweka Kigutu humo mbele ya mdogo wangu. Nilijiona mwema kweli kweli.

Mdogo wangu alicheka kwa furaha. Kisha akaliinamia beseni.

"Dada, mbona amelegea? Vijiguu vyake vya chini ya mikono havichezi."

Wakati huohuo sauti ya Shangazi iliingia dirishani. "Wamepungua! Kigutu hayupo! Wewe kijana, hebu fungua mfuko wako!"

Nilichungulia. Kijana mgeni alikuwa akiufungua mfuko. Ningeweza kunyamaza, nikamrudisha Kigutu baadaye kimyakimya. Lakini Kigutu hakuwa na baadaye. Nilitoka mbio.

"Shangazi, si yeye! Ni mimi. Yuko nyumbani, kwenye beseni."

"Maji gani?"

"Ya bomba."

"Ya bomba! Mtoto wewe, hayo kwake ni sumu!"

Hakunichapa wala hakunigombeza. Alikimbia nyumbani, akarudi na Kigutu kiganjani, akaingia naye baharini mpaka magotini, akamlaza mchangani. Tukangoja, sisi wawili na yule kijana. Jua lilicheza juu ya maji, na machozi yangu yakadondokea humohumo. Ndipo kijiguu kimoja kikatikisika. Kikafuata cha pili. Mwishowe ule mkono mfupi ukajikunja taratibu, ukashika mchanga.

Shangazi alimgeukia kijana kwanza. "Nisamehe, mwanangu. Nilikushuku bure." Mimi pia nikamwomba radhi.

Kisha Shangazi akaenda nyumbani, akafunga plasta ya mdogo wangu kwa mfuko wa nailoni, akambeba mgongoni mpaka majini. Mdogo wangu alitazama chini, akautafuta ule mkono mfupi mchangani.

"Wema usiouliza huua," Shangazi aliniambia kwa upole, "na kama ungenyamaza, tungemzika Kigutu leo. Ukweli wako ndio uliomwokoa." Akampandisha mdogo wangu vizuri mgongoni. "Lakini ungeniambia tangu mwanzo, mwanangu. Mgongo huu ulikuwepo siku zote."