Kipara cha Safu ya Tatu

"Anselmo ni nani?"

Casilda alikuwa anabandika kope za bandia mbele ya kioo. Hakugeuka.

"Umeshika simu yangu, Fermín?"

"Nimeuliza, Anselmo ni nani?"

Akamsomea mkewe ujumbe kwa sauti, kama hakimu.

"'Nimenyoa kichwa kinang'aa. Kiti kilekile leo?' Na wewe ukajibu, 'Kilekile. Fermín asijue.' Fermín asijue nini?"

"Lete simu yangu. Tunapanda jukwaani sasa hivi, na Bibi Olaizola amefunga safari kutoka Madrid kuja kuniona. Anatafuta mchekeshaji mkuu wa onyesho lake. Leo usiniharibie."

"Kumbe mimi ndiye ninayeharibu!"

"Wivu wako ungekuwa unalipwa mshahara, sasa hivi tungekuwa na nyumba ya ufukweni."

Casilda Urrea alikuwa mwimbaji mchekeshaji ambaye watu wa Zaragoza walianza kumcheka kabla hajafungua mdomo. Fermín, mumewe, alimpigia piano tangu enzi za sherehe za vijijini. Katika kila onyesho kulikuwa na wimbo mmoja uliosubiriwa na wote. Casilda hushuka jukwaani akiimba, hukaa mapajani mwa mwanamume mwenye kipara, humbusu utosini na kumwachia alama nyekundu ya midomo. Ukumbi mzima huvunjika mbavu.

Zamani kipara kilibadilika kila onyesho. Tangu baridi ianze, kipara kilikuwa kimoja tu, safu ya tatu, kiti cha pembeni. Fermín alikiona vizuri kutoka kwenye piano, na kila Jumapili alikuwa akisaga meno.

Jumapili hii wimbo ulipofika, alichungulia. Kipara kipo, kimetulia, kinang'aa.

Akaanza kupiga, lakini akaupandisha wimbo juu, mbali kabisa na koo la mkewe. Alitaka sauti imkatikie palepale juu, aaibike, asishuke kwa yule mtu. Na alijua fika ni nani ametoka Madrid.

Casilda aliutambua mchezo tangu noti ya kwanza. Mstari wa kwanza aliusukuma. Wa pili ulitoka kama kuku aliyekanyagwa. Ukumbi ukawa kimya.

Akamtazama mumewe. Fermín akakazia macho piano.

Casilda akawageukia watu, mkono kiunoni.

"Jamani, huyu mpiga piano ni mume wangu."

Wachache wakacheka.

"Leo tumegombana. Waume wa wenzangu wakinuna wanalala kwenye kochi. Wangu ananipandishia wimbo mpaka darini, eti nikaufuate na ngazi!"

Kicheko kikaenea. Mama mmoja akapaza sauti kutoka ghorofani, "Afadhali wako, binti! Wangu hata piano hajui!"

"Njoo umchukue, mama! Hata kukoroma anakoroma kwa mapigo!"

Ukumbi ukalipuka. Casilda akasubiri watulie, kisha akasema taratibu, "Fermín, mpenzi wangu. Teremsha."

Masikio yakiwa yanamwaka moto, Fermín akateremsha. Casilda akaimba kama hajawahi kuimba, akashuka, akakaa, akabusu. Watu wakasimama wakapiga makofi.

Pazia lilipofungwa, Fermín aliingia chumba cha kuvalia bila kubisha.

"Umenidhalilisha mbele ya watu wote wale!"

"Na wewe ulitaka kunifanya nini?"

Kabla hajajibu, mlango ukafunguliwa. Aliingia Nati, mwanamke aliyeajiriwa baridi hiyo kuwavalisha wasanii, amebeba magauni. Nyuma yake, na alama nyekundu ya midomo utosini, alikuwa yule wa safu ya tatu.

"Ndiye huyu!" Fermín alifoka.

"Ndiye huyu nini?" Nati akamjia juu. "Huyu ni mume wangu, punguani wewe!"

"Anselmo, bwana," kipara akasema kwa adabu.

Casilda akamkabili.

"Kwenye onyesho la Teruel, mlevi niliyemkalia alinishika akakataa kuniachia. Ulidhani ni mchezo, ukaendelea kupiga piano. Nilitoka pale natetemeka. Ndipo nikamwomba Nati aniazime mume."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Kule Huesca mtu alinitupia neno moja tu la kipuuzi, ukaruka kutoka kwenye piano ukamvunja pua. Wametuita tena Huesca?"



"Mimi nakaa mikono mifukoni," Anselmo alijitetea.

"Na akitoa hata kidole, mimi niko nyuma ya pazia," Nati akamalizia.

Simu ya Casilda ikaita. Akaiweka kwenye spika ili wote wasikie.

"Binti, Olaizola hapa. Ule mzozo na mpiga piano mliupanga?"

"Hapana, bibi. Ulikuwa wa kweli."

"Basi ulivyojinasua, nimekutaka. Baada ya Pasaka uwe Madrid. Na mumeo uje naye, anachekesha bila kujua."

Fermín akainua uso. Tabasamu likaanza kumjia.

"Mimi nakuja, bibi," Casilda alisema. "Piano nitafutie mtu mwingine."

Akakata simu.

"Casilda… unaniacha?"

"Sikuachi. Wivu wako nimeuvumilia miaka yote, na ungenifokea tu leo ningeuvumilia. Lakini nikiwa kule jukwaani sina kitu kingine cha kushikilia isipokuwa mikono yako, na leo ndiyo uliyoitumia kunikaba."

"Nisamehe, mke wangu."

"Mume nimemsamehe. Mpiga piano nimemfukuza."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Kule Madrid kila Jumatatu hakuna onyesho. Nitakuwa narudi nyumbani, nitataka kukuta mume na chakula cha moto. Ukiweza kunipokea bila kunihoji nilikuwa na nani, tutazeeka pamoja."



"Na nikikuhoji?"

"Utakula peke yako."

Casilda akavaa koti, akatoka. Nati akamrushia Fermín lile furushi la magauni kifuani.

"Beba umfuate," alisema. "Leo huna kazi nyingine."

Fermín akayakumbatia, akakimbilia mlangoni.