Barua Isiyo na Samaki

Kila jioni Odeta aliosha gambuti nyeupe za kaka yake kwa sabuni ya unga, kisha akazianika nyuma ya nyumba, upande wa choo. Mbele palikuwa na jua zuri zaidi, lakini mbele palipita watu. Palipita hasa Precious, aliyekaa naye dawati moja darasa la saba, ambaye siku moja alivuta pumzi darasani akauliza nani kaja na sangara kwenye begi. Darasa zima liliangua kicheko. Tangu siku hiyo Odeta alizichukia gambuti zile, utadhani ndizo zilizomcheka.

Mwenye gambuti alikuwa Mashimba. Kwa miaka sita alikuwa amesimama katika kiwanda kimoja kando ya ziwa, kisu mkononi, akitoa minofu ya sangara. Samaki mzito kuliko mtoto mchanga alimmaliza kabla hujahesabu hadi sitini. Minofu ilisafirishwa nje ya nchi. Mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki na nyama kidogo, mama yao aliyakaanga na kuyauza hapo hapo mtaani kwao, Pasiansi. Kisu hicho na karai hilo la mafuta ndivyo vilivyomsomesha Odeta shule ya Kiingereza, naye Kiingereza alikijua kwelikweli. Shukrani tu ndiyo hakuijua.

Mwezi wa pili Mashimba alirudi na tangazo. Kampuni moja ya samaki huko Kanada ilitafuta wafanyakazi wa msimu, miezi sita, wageni wanaoelewa Kiingereza. Mashimba hakuwa mtu wa kudanganywa na kila karatasi. Alikuwa amelipeleka tangazo lile ofisi ya kazi mjini, wakalichunguza na kumwambia ni la kweli.

"Mdogo wangu," alimwambia Odeta, "Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Kuongea nitajikongoja, lakini kuandika siwezi. Niandikie barua. Sema natoa minofu, mwaka wa sita huu. Sema ukweli, basi."

"Sawa, kaka."

Sawa hiyo ilikuwa ya mdomoni tu. Alipoketi mbele ya kompyuta katika duka la steshenari la Mama Nadim, vidole vyake vilikataa. Aandike kwamba kaka yake anakata samaki? Huko Kanada wasome hivyo? Akaandika kwamba Bwana Mashimba ni meneja msaidizi, anasimamia wafanyakazi arobaini, na Kiingereza anakizungumza kama maji. Akaisoma mara mbili, akaipenda. Jioni Mashimba akatia sahihi bila kuuliza neno, kwa sababu alimwamini, na kesho yake Odeta akaituma.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Walitaka kuzungumza naye kwa video siku ya Jumamosi, saa kumi alasiri. Mama Nadim akawapa meza ya nyuma ya duka, maana mtandao wake haukatiki ovyo. Mashimba alivaa shati lililopigwa pasi. Odeta alikaa pembeni.

Mwanamke aliyetokea kwenye kioo cha kompyuta alitabasamu. Aliuliza polepole: je, Mashimba hupangaje zamu za wale watu wake arobaini?

Mashimba alikunja uso. Alikuwa ameelewa swali, na hilo ndilo lililomshangaza.

"Watu arobaini?" alijibu kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. "Mimi sina watu, mama. Mimi nina kisu. Nakata samaki."

Tabasamu la yule mwanamke likapotea. Alichukua karatasi, akaisoma tena.

"Barua yako haina neno samaki hata mara moja," alisema. "Mameneja tunao wa kutosha. Tulikuwa tunatafuta watu wa kisu. Sasa nimwamini nani, wewe au barua yako?"

Mashimba akageuka kumtazama Odeta. Yule mwanamke akaaga kwa adabu, kioo kikawa cheusi.

Mama Nadim akamchapishia Mashimba nakala ya barua, wakarudi nyumbani. Mama alikuwa anageuza mapanki kwenye karai, akajua kwa kuwatazama tu kwamba mambo yameharibika. Mashimba alichomoa nakala ile mfukoni, akaisukuma mbele ya Odeta.

"Soma. Kwa Kiswahili. Mama naye asikie."

"Kaka, mimi..."

"Soma!"

Odeta akasoma. Meneja msaidizi. Wafanyakazi arobaini. Kiingereza kama maji. Mama aliacha kugeuza mapanki, yakaanza kuungua.

"Huyo anayesemwa ni nani?" mama aliuliza. "Mimi simjui."

"Hata mimi simjui," alisema Mashimba. "Miaka sita nimesimama kwenye barafu mpaka vidole vinakufa ganzi. Umeificha wapi miaka yangu, Odeta? Nani kakutuma?"

Odeta naye akapandwa na hasira, ile hasira ya mtu aliyekamatwa. "Nilikuwa nakusaidia! Ulitaka wajue kwamba unanuka samaki?"

Alitamani kulirudisha neno lile kinywani, lakini lilikwisha kutoka.

"Kumbe," alisema Mashimba. "Hujaogopa Wakanada wewe. Umenionea aibu mimi." Akachukua gambuti zake, akaenda kuziosha mwenyewe.

"Na wewe, Mashimba," mama alimfokea akiwa nyuma yake, "ulitia sahihi barua ambayo hujauliza imeandikwa nini! Mtu mzima mzima!" Kisha akamgeukia Odeta. "Na wewe, mkataa kwao ni mtumwa. Ondoka mbele yangu kabla sijasema mengine."

Kwa siku tatu Mashimba hakumsemesha Odeta. Kila jioni Odeta alikuta gambuti zimekwisha kuoshwa, na hilo lilimuuma kuliko kufokewa. Alimkasirikia Precious, akamkasirikia yule mwanamke wa Kanada. Siku ya nne wakamwishia wote wa kuwakasirikia, akabaki yeye mwenyewe.

Akaenda kwa Mama Nadim, akaomba kompyuta. Aliandika barua fupi kwa jina lake: kwamba yeye ni mdogo wake Mashimba, ana miaka kumi na tatu, uongo wote ni wake, na kaka yake hakujua. Mama Nadim aliisoma juu ya bega lake.

"Hii ndiyo barua," alisema. "Lakini usiitume kwanza, binti. Ile ya kwanza uliituma bila mwenyewe kuisikia. Usirudie kosa."

Odeta akaipeleka nyumbani, akaisoma mbele ya Mashimba kwa Kiswahili, neno kwa neno, machozi yakimtoka. Mashimba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hasira yake haikuwa imeisha, lakini aliikubali barua.

"Ongeza kwamba Kiingereza changu ni kibovu," alisema. "Wasije wakashtuka tena."

Kesho yake wakaituma barua pamoja na video. Mashimba alisimama uani, sangara mzima mezani, akamtoa minofu huku akieleza kwa Kiingereza chake mwenyewe, akikwama na kuendelea. Odeta alishika simu. Hakumsahihisha hata neno moja.

Yule mwanamke akampigia tena Mashimba, wakazungumza nusu saa nzima juu ya visu, barafu na usafi. Baada ya mwezi barua ikaja. Mashimba akampa Odeta.

"Soma. Kwa Kiswahili."

Odeta akasoma: Mashimba amechukuliwa kwa msimu huu, kazi yake ni kukata minofu, uzoefu wake miaka sita.

Mama akafuta mikono kwenye kanga. "Huyo namjua," alisema. "Huyo ni mwanangu." Kisha akamwita Odeta karibu. Sauti yake bado ilikuwa kali.

"Nisikilize vizuri. Kaka yako amesamehe, lakini karibu umkoseshe kazi, na sababu haikuwa ukosefu wa Kiingereza. Ulimfuta mtu wa kweli ukamweka wa kubuni. Mtu anayeionea haya kazi halali ya ndugu yake atadanganya tu, leo ama kesho, na njia ya mwongo ni fupi. Kazi halali haifichwi. Anayeicheka, mwache acheke, wewe kula ushibe usome. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Jioni ile Odeta aliomba gambuti, na Mashimba akampa. Aliziosha kwa sabuni ya unga mpaka zikang'aa, akazianika mbele ya nyumba, kando ya njia. Precious alipopita akasimama, akauliza zile ni za nani.

"Za kaka yangu," alisema Odeta. "Anakata samaki."