Jibu Moja la Safu Nzima

Kila asubuhi Émérence alichota maji, akampelekea mama yake, kisha akakimbilia barabarani bila hata kufuta mikono. Mwili wake ulikuwa kambini Kalemie, akili yake ilikuwa Nyunzu. Huko ndiko walikotoka wakikimbia vita, na huko ndiko alikobaki Bibi, ambaye miguu ilikuwa imemshinda. Séraphine, jirani yao wa upande ule mwingine wa ugomvi, alimficha nyumbani kwake.

"Papa, umemuona Bibi yangu?" alimwuliza kila dereva wa lori.

"Hapana, mutoto. Barabara ingali mubaya."

Mwaka huo wa 2017 alifika kambini Éliane, mwanafunzi wa shahada ya uzamili kutoka Lubumbashi. Alisomea siasa, lakini si ile ya kupayuka majukwaani. Yeye alikusanya majibu ya watu wengi, akayahesabu kwa kompyuta, akatafuta yanasema nini. Alipita kibanda kwa kibanda na simu yake akiuliza: "Mutakubali kukaa tena kijiji kimoja na jirani zenu wa upande ule?" Kamati ya amani ilimwomba matokeo, ili ijue watu wa safu zipi za vibanda waanze mazungumzo na wenzao waliobaki Nyunzu.

Penye bomba la maji pakazuka uvumi: atakayejibu kwamba hakubali kamwe, atapewa bashi, yaani turubai jipya. Loo! Paa la kina Émérence lilivuja kama chujio, na msichana huyo kutulia hajui. Aliona maneno ni maneno tu. Akamtangulia Éliane katika safu yao yote, akiwafunda majirani: "Museme hivi: kamwe, hata mutufunge kamba. Tutapata bashi!" Watu wazima walicheka, kisha wakasema hivyohivyo. Hata Mama alisema, uso ameugeuzia pembeni.

Baada ya siku chache Éliane alirudi, amekunja uso.

"Mama Cécile," alimwambia mama yake Émérence, "safu zingine watu wanabishana. Huyu ndiyo, huyu hapana, huyu hajui. Hapa kwenu bote wamesema kamwe, tena kwa maneno yaleyale. Watu hawapatani hata juu ya chumvi ya mboga! Nikipeleka majibu haya, kamati itairuka safu yenu. Hakuna atakayeitwa kuzungumza na watu wa Nyunzu."

Émérence akaelewa. Kuiruka safu yao ni kumwacha Bibi hukohuko. Aliona aibu, akaona na hofu, lakini ulimi haukukubali kunyamaza.

"Yaya Éliane, dada yangu, ni mimi niliwafundisha. Walisema utaleta bashi."

Éliane akamgeukia. "Mudogo wangu, sina bashi hata ya kujifunika mwenyewe! Na mimi nilikosea, sikueleza wazi kwamba sileti kitu. Majibu haya nitayafuta, lakini kubadilisha hata moja siwezi. Twende niulize upya, na wewe useme ulichofanya."

Wakapita tena. Papa Norbert, jirani yao, alifoka: "Umetufanya waongo sababu ya bashi!" Émérence alilia, lakini hakukimbia. Safari hii majibu yaligongana. Papa Norbert alisema kamwe yake ni ya kweli, kwa kuwa nyumba yake ilichomwa, na Éliane akaiandika vilevile. Mama akajibu, "Ndiyo. Hata leo."

Mazungumzo yakafanyika Nyunzu, na Mama alikuwa miongoni mwa walioitwa; huko Séraphine akamkabidhi Bibi. Aliporudi kwa lori, watu wawili walimshusha Bibi, amekonda lakini mzima. Émérence alimkumbatia, akalia kwa furaha mbele ya watu wote.

Jioni Bibi alisimuliwa kisa kizima. Hakucheka.

"Séraphine naye aliulizwa swali hilo na watu wa kamati kule Nyunzu," alisema. "Jirani zake walimutisha ajibu kamwe. Akajibu ndiyo, mbele yao. Sasa, mutoto wangu, kama ndiyo yake ingekuta kamwe yako ya uongo, leo ningekuwa wapi? Muntu akikuuliza, sema kilicho moyoni mwako. Kuna mwingine, hata humuoni, anangojea jibu lako."