Beti ya Tatu

Jumamosi ya kuelekea Kwaresima, soko la Kapani pale Thesaloniki halipitiki. Mji mzima unataka pweza na ngisi wa kula Jumatatu, mfungo wa Waorthodoksi unapoanza na nyama kuachwa, na kila mtu anataka yule mzuri kabla ya mwenzake. Evanthia alikuwa ameshakanyagwa mara mbili. Miaka sitini na sita, koti la kijani lililombana kiuno kwa makusudi, midomo myekundu hata kwa safari ya kununua samaki. Alikuwa ameshamkamata pweza mmoja mnono kwa miguu mitatu, ndipo mkono mwingine ukamkamata pweza huyohuyo kwa mitano iliyobaki.

"Bwana, huyu ana mwenyewe," alisema bila kuinua macho.

"Namjua mwenyewe. Hata kunyang'anyana hajaacha!"

Evanthia akainua macho. Kofia ya kijivu, masharubu meupe, na pua ile ambayo hakuna mwanamume mwingine angethubutu kutembea nayo. Lambis!

"Umezeeka," alisema Evanthia.

"Na wewe umenenepa. Umependeza."

"Achia pweza wangu."

Akaachia, akacheka, kisha wakaenda kunywa kahawa nyuma ya vibanda vya zeituni. Nani angewazuia? Miaka kumi na mmoja walikuwa kitu kimoja: Lambis akitunga muziki kwa buzuki lake, gitaa la Kigiriki lenye shingo ndefu, Evanthia akiandika maneno. Harusi gani ya mji ule haikuchezwa kwa nyimbo zao? Na walipendana. Mji wote ulijua, ila wao wenyewe hawakuwahi kutamkiana. Watu wazima ovyo! Kisha ukatoka wimbo wao mkubwa kuliko zote, ule wa mlango, na wiki ileile Lambis akapanda treni kwenda Stuttgart, Ujerumani, kuwapigia Wagiriki wenzake. Kwaheri hakuaga. Miaka ishirini na minne ikapita.

"Nimekuja kufunga nyumba ya marehemu mama," Lambis alisema, akikoroga kahawa isiyohitaji kukorogwa. "Jumanne narudi. Ila, Evanthia, nina muziki mpya. Mwaka mzima unanizunguka kichwani na hauna maneno."

"Stuttgart hakuna waandishi?"

"Wapo. Wanaandika vizuri sana. Sitaki."

Mwanamke akaweka kikombe chini. Moyo ulimwambia kubali, ulimi ukakataa. "Una uso mgumu wewe! Ulinikimbia kama mwizi, leo unakuja kuniomba maneno?"

"Ningebaki nifanye nini, na jibu ulishanipa?"

"Jibu gani?"

"Evanthia, usinifanye mtoto. Nilikuuliza kwenye kaseti, ukanijibu kwenye beti ya tatu. Nimelipiga jibu lako kila Jumamosi, ukumbi mzima unaimba na kunipigia makofi. Unajua inavyouma?" Alisimama, akaandika namba ya simu kwenye karatasi ya kufutia mikono. "Ukipata maneno, piga. Usipopata, basi, tulishazoea."

Akaenda zake, kofia imemkaa upande. Evanthia akabaki na pweza.

Alifika nyumbani amefura. Kuuliza! Aliuliza nini yule? Lakini hilo neno kaseti halikumtoka.

Kazi yao ilikuwa hivi: Lambis alipopata muziki, aliurekodi kwenye kaseti akiimba majina ya samaki ili kushikilia nafasi ya maneno. Dagaa, dagaa, pweza, ngisi, kamba, kamba, dagaa. Evanthia alisikiliza beti ya kwanza, akahesabu silabi, akazima. Za nini nyingine? Muziki ni uleule, samaki ni walewale. Kisha aliandika beti zake tatu akampelekea.

Kaseti ya mwisho ilikuwa bado kwenye kopo la biskuti, chini ya vifungo. Redio ya kaseti ndani hamna tena, ila gari lake kuukuu lilikuwa nayo. Akashuka, akajifungia garini mbele ya jengo, akaiingiza kanda.

Beti ya kwanza, samaki. Akajilazimisha. Beti ya pili, samaki. Mkono ukaenda kuzima, akaurudisha. Beti ya tatu, sauti ya Lambis ikashuka kama ya mtu anayeogopa kuamsha majirani:

*Nyumba yangu ya baridi, njoo tuoane, mama,*
*Ukinikataa sema, nifunge begi kuhama.*

Evanthia akaziba mdomo kwa mikono miwili. Akakumbuka beti yake ya tatu, aliyoiandika kwa kisa cha shangazi yake na baharia fulani, wala hakumuwaza Lambis hata chembe. *Usinisubiri tena, funga mlango uende.* Mungu wangu! Mtu ameomba ndoa, akapewa hiyo, kisha akaipiga mwenyewe miaka ishirini na minne. Alilia mpaka wanja ukafika kidevuni.

Jirani kutoka juu akagonga kioo. "Evanthia! Umegongwa?"

"Nimegongwa zamani sana, mama, leo ndiyo nasikia maumivu. Niache."

Akafungua ile karatasi ya kufutia mikono. Simu ikaita mara nne.

"Naam?"

"Mjinga wewe! Kwa nini uliliweka mwishoni?"

"Kuliweka nini?"

"Swali! Miaka kumi na mmoja unajua nasikiliza beti moja tu, halafu unakwenda kuficha ndoa kwenye ya tatu?"

"Sikujua," Lambis alisema. "Haki ya Mungu sikujua unazima. Niliona haya, Evanthia. Nikasema, akishasikia samaki mara mbili atakuwa anacheka, atanihurumia." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo hukusikia?"

"Nimesikia leo. Dakika tano zilizopita. Niko garini nanuka pweza."

"Na lile jibu?"

"Lilikuwa la shangazi yangu."

Alicheka yule mzee, kicheko kikageuka kitu kingine, akapenga kamasi. Evanthia akamsubiri.

"Haya, niimbie huo muziki wako mpya," alisema. "Beti zote. Leo sizimi."

Lambis akauimba, dagaa na ngisi na kamba, ukapanda na kushuka polepole, mzuri kupita yote aliyowahi kutunga. Evanthia alihesabu kwa vidole juu ya usukani. Lambis alipomaliza, Evanthia hakutafuta kalamu. Akaanza kuimba kwa sauti yake iliyokwaruza, wanja usoni, jirani bado amesimama dirishani:

*Jumatatu saa saba, pweza atoka jikoni,*
*Chukua buzuki lako, na begi lako begani,*
*Swali lako la zamani, leo limefika ndani,*
*Nasema ndiyo mwenzangu, uje ukae nyumbani.*

Upande wa pili buzuki likagongwa waya mmoja. Kisha sauti ndogo ya mtu aliyeumwa mara moja na anaogopa kuumwa tena:

"Evanthia, roho yangu. Hayo ni maneno, au ni samaki?"

"Ni maneno, Lambis," alisema. "Safari hii ni maneno."